Pua ya Ukweni

SOMOE: Haya, karibuni. Tuko Shangani, hapa Mtwara, kama kawaida, dirisha wazi kwa sababu ya joto, mkisikia bodaboda msishtuke. Leo tulipanga kuongea jinsi ya kuchagua lenzi ya kupigia picha za watu. Nimeandika mambo matano kwenye karatasi, yote ya maana. Ila mtani wangu ameingia na fremu kubwa kwapani, na usoni hana raha.

ISSA: Nimerudishiwa picha.

SOMOE: Na fremu yake?

ISSA: Na fremu yake, na kioo chake, na msumari. Dada Somoe, Alhamisi nilikwenda Mikindani, kuna familia ilitaka picha ya bibi yao iwekwe sebuleni kabla ya harusi ya mjukuu. Zile nyumba za mawe unazijua, ukuta mnene, dirisha dogo, chumba chembamba. Bibi mgongo unamsumbua, akasema hatoki kitandani.

SOMOE: Ulikuwa na lenzi zipi?

ISSA: Zilezile mbili. 50 ya f/1.8, yaani milimita 50 na tundu la mwanga linalofunguka sana, na ile zumu ya 18 mpaka 55 iliyokuja na kamera. Milimita zikiwa chache, lenzi inaona eneo pana zaidi. Nikaanza na 50. Nilitaka ionekane kanga yake mpya yote, na mikono aliyoiweka mapajani, kwa hiyo nikarudi nyuma, nikarudi, nikagota kwenye kabati. Haitoshi. Nikafunga zumu, nikaweka 18, kanga ikaingia yote. Vizuri. Kisha nikaona mwanga wa dirisha umemwingia machoni, macho yanang'aa kabisa, nikamsogelea nipate uso. Sikubadilisha lenzi.

SOMOE: Ulisogea mpaka wapi?

ISSA: Sentimita 30 hivi.

SOMOE: Mtani!

ISSA: Macho yalikuwa mazuri. Nikaisafisha hiyohiyo, kubwa, nikapeleka Jumamosi asubuhi. Nyumba nzima imejaa, wamekuja kuangalia. Bibi akavaa miwani, akaishika picha muda mrefu, akasema, "Picha nzuri. Huyu nani?"

SOMOE: Subhanallah.

ISSA: Wakamwambia ni wewe, bibi. Akasema, "Nimezeeka, lakini sijabadilishwa pua. Hii ni pua ya ukweni."

SOMOE: [anacheka] Ya ukweni!

ISSA: Akaweka kidole juu ya kioo, palepale puani. "Hii ya kina marehemu mume wangu. Mimi kwetu hatuna pua hii." Na watu wakaanza kuangaliana, kwa sababu wajukuu wote waliomo mle ndani wanayo.

SOMOE: Ngoja kidogo, maana hapa ndipo lilipo somo letu la kwanza. Msikilizaji, lenzi haina kosa. Kosa ni ule umbali. Ncha ya pua ya Bibi ilikuwa sentimita 30 kutoka kwenye kamera. Masikio yapo nyuma ya ncha ya pua kama sentimita 12, kwa hiyo yako kwenye 42. Gawanya 42 kwa 30. Pua imekuzwa kuliko masikio kwa asilimia 40. Mtu huyohuyo ukimpiga kutoka mita 2, pua iko kwenye 200 na masikio kwenye 212, tofauti ni asilimia 6, jicho halistuki. Hata kwa ile 18 yako, ukisimama mita 2 ukaikata picha ubaki na uso, pua itatoka sawasawa na ya 50. Ubora ungepungua, lakini pua ingekuwa yake.

ISSA: Nimelijua hilo Jumamosi, mbele ya ukoo mzima.

SOMOE: Ndiyo maana watu wanapenda 85 kwa nyuso. Inakulazimisha usimame mbali kidogo, ukae kwa heshima. Haya, jambo la pili...

ISSA: Sijamaliza. Kijana mmoja kakimbia nyumba ya tatu, kamwita wifi yake Bibi.

SOMOE: Mwenye pua?

ISSA: Mwenye pua. Kaja na fimbo yake, kaketi, kaitazama picha. Akauliza, "Pua yetu imekosa nini?"

SOMOE: Ee Mola.

ISSA: Kimya. Akasema pua hiyo ilimtambulisha baba yake kila bandari aliyoshuka na jahazi, hakuwahi kuhitaji barua. Bibi naye akasema yeye hajaitukana, anasema tu si yake. Ndipo likatolewa sanduku la chuma chini ya kitanda, na ndani ya khanga kuukuu, picha ya studio, nyeusi na nyeupe, Bibi ni msichana. Kakaa kwenye stuli, nyuma pazia lililochorwa minazi. Ikapitishwa mkono kwa mkono. Dada, pua ndogo, imekaa pale kama imepimwa. Wifi mwenyewe akainamisha kichwa.

SOMOE: Unajua kwa nini ilikaa vile? Mjomba wangu alikuwa na studio Lindi mjini. Sakafuni alichora mistari miwili kwa chaki. Mmoja wa miguu ya stuli, mmoja wa miguu ya kamera. Nikiwa mdogo nilifikiri ni mchezo, nikawa naruka kutoka mmoja hadi mwingine, nakosa kuufikia. Wateja walimwambia asogee, hasogei. Alikuwa hajui hesabu ya 42 kwa 30, lakini alijua ukivuka ule mstari mteja hatalipa.

ISSA: Nimemkosa mjomba wako Alhamisi.

SOMOE: Sasa mwishoni ikawaje?

ISSA: Bibi mwenyewe akasema, "Nitoeni nje." Mgongo umesahauliwa. Wakabeba kiti mpaka barazani, saa kumi na nusu jioni, kivuli kizuri, ukuta wa mbele unarudisha mwanga. Nikapima hatua, mita 2. Nikaweka 50, f/1.8. Kamera yangu ni Canon ya kihisi kidogo, yaani kile kinachopokea picha ndani; ukilinganisha na kamera ya kihisi kikubwa unazidisha kwa 1.6, kwa hiyo 50 yangu inaona kama 80. Kifuani mpaka kilemba, safi. Akaangalia, akasema, "Huyu namjua." Tazama, ninayo kwenye simu.

SOMOE: Leta. ... Uso umeupata. Kwa kweli umeupata, hii mikunjo ya macho, Mungu ambariki. Lakini hii rangi ya kahawia nyuma yake ni nini?

ISSA: Mlango.

SOMOE: Mlango wa nakshi?

ISSA: Ndiyo.

SOMOE: Mlango wa nakshi wa Mikindani, umeufanya uji.

ISSA: Nimemtoa Bibi mbele. Pale f/1.8 kwa mita 2 unabaki na kina cha sentimita 11 hivi kilichokaza, yaani kinachoonekana wazi, uso na kilemba basi. Ndicho nilichotaka.

SOMOE: Mimi hapo sikufuati. Mwanamke huyu ameingia kwa mlango ule akiwa bibi harusi. Hii picha ingepigwa Dodoma nani angejua? Weka 35, rudi nyuma, funga tundu mpaka f/5.6, apatikane yeye, baraza, mlango, hata ule msumari wa shaba. Watoto wa hao wajukuu watauliza nyumba ilikuwaje. Zile nyumba zinaanguka, Issa. Kila mvua ya masika inachukua ukuta.

ISSA: Picha ya nyumba nitapiga siku nyingine. Watu walitaka uso tangu zamani. Lenzi ya kwanza kutengenezwa kwa hesabu kwa ajili ya nyuso, ile ya Petzval, mwanahesabu wa kule Vienna, mwaka 1840, katikati ilikaza na pembeni ilififia. Na nyuso zile bado zinatutazama.

SOMOE: Ilififia kwa sababu kioo cha wakati ule hakikuweza zaidi! Yeye shida yake ilikuwa mwanga. Lenzi za kabla yake zilimkalisha mtu dakika nyingi bila kutikisika, yake ikapitisha mwanga kwa tundu la f/3.6, watu wakapumua. Usimsingizie kwamba alitaka kufuta milango.

ISSA: Sawa, hakutaka. Lakini mwenye picha ni nani? Bibi hakusema "mlango wangu uko wapi". Alisema pua.

SOMOE: Kwa sababu pua ndiyo iliyokuwa imeharibika! Mtu akirudishiwa kilichoibiwa hadai kingine siku hiyohiyo.

ISSA: Alikubali. Amelala na picha pembeni. Mimi kukubali kwake kunanitosha.

SOMOE: Mimi hakunitoshi. Naona miaka hamsini mbele.

ISSA: Mimi namwona yeye, sasa, akiwa hai.

SOMOE: ...

ISSA: Umenyamaza.

SOMOE: Sijakubali. Naangalia saa. Kinasa kimebaki dakika nne, na kwenye karatasi tumefika jambo la kwanza.

ISSA: Soma basi yaliyobaki.

SOMOE: Hayatoshi. La nne tu, kwa sababu ya pwani yetu hii. Ukinunua lenzi iliyotumika, washa tochi ya simu nyuma yake, tazama ndani. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, achana nayo hata ikiwa bei ya bure. Na yako ikae kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya kukausha unyevu, isikae kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Kuhusu kununua 85 kwa kamera ya kihisi kidogo...

ISSA: Inakuwa kama 136. Ndani ya nyumba za Mikindani utampigia mtu ukiwa barabarani.

SOMOE: Hilo walau tuko pamoja. Simu yako inaita.

ISSA: Ni wao. Samahani, dakika moja. ... Ndiyo, shikamoo. ... Ndiyo, bibi. ... Naam. ... Kesho saa kumi. ... Nimeelewa, naam, ubavuni. [anakata simu] Ni yule wifi.

SOMOE: Mwenye pua?

ISSA: Anataka picha yake, fremu kubwa kuliko ya Bibi. Na anataka apigwe kwa ubavu, pua ionekane yote.

SOMOE: Utampiga kwa lenzi gani?

ISSA: 50.

SOMOE: Mpige na mlango.

ISSA: Nitampiga na pua.

SOMOE: Issa, na mlan...

[Kinasa kimejaa.]