Ukumbi wa Gilman, Berkeley: Muziki Unaoendeshwa na Wanachama

Watazamaji wangu wapenzi wa huko nyumbani, assalaam aleikum. Jengo hili la matofali mnaloliona nyuma yangu, lililo namba 924 katika Mtaa wa Gilman, mjini Berkeley, California, ni ukumbi wa muziki wa panki, yaani roki ya kasi na kelele, uliofunguliwa usiku wa tarehe 31 Desemba 1986, na hadi leo unaendeshwa na watu wanaojitolea.

Ili uingie, lazima uwe mwanachama. Unalipia kadi yako ya mwaka kwa bei ndogo, kisha unalipa kiingilio cha onyesho la siku hiyo. Ukutani yameandikwa makatazo kwa herufi kubwa: hakuna pombe, hakuna dawa za kulevya, hakuna vurugu, hakuna ubaguzi. Kwa kuwa sheria ya Marekani humzuia aliye chini ya umri wa miaka 21 asiuziwe pombe, vijana wengi hufungiwa milango ya baa zinazopigisha muziki. Lakini hapa, ambapo pombe haiuzwi kabisa, mtoto wa miaka 14 anaweza kuja kusikiliza bendi au hata kupanda jukwaani na bendi yake mwenyewe, na mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko yote niliyoyaona humu ndani.

Kazi zote ni za zamu. Anayekata tiketi, anayelinda mlango, fundi wa mitambo ya sauti na anayefagia watu wakishaondoka ni wanachama, na wanachama hao hao ndio wanaopiga kura katika mikutano yao ya kawaida. Waanzilishi walipochoka na kuufunga ukumbi mwaka 1988, wenzao waliuchukua na kuufungua tena. Kura hizo zina nguvu kweli: bendi ya Green Day, iliyokulia hapa, iliposaini mkataba na kampuni kubwa ya kurekodi, ilipoteza nafasi ya kupiga katika jukwaa hili, kwa sababu kanuni ilihifadhi nafasi hiyo kwa bendi zisizo na kampuni kubwa nyuma yake. Ilirudi Mei 2015 katika onyesho la kuwachangia waathirika wa moto mjini Oakland.

Wazanzibari wenzangu hawatashangaa sana, kwani Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanza mwaka 1905, nayo ni klabu ya wanachama, ambao huja jioni kwa mazoezi ya taarab baada ya shughuli zao za mchana.

Ndiyo maana nakusudia kuhudhuria mkutano wao na kuomba usiku mmoja wa taarab, najua kwamba ombi langu litapigiwa kura kama la mtu mwingine yeyote. Wewe uliye San Francisco, Oakland au San Jose, unayepiga udi, kanuni, fidla au dumbak, niandikie hapa chini, ili nikiulizwa ni nani watakaopiga, niwe na majina ya kuwapa.