Leo Tu: Mhadhara wa Kuitambulisha Reiki na Kanuni Zake Tano

Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Tangazo la mlangoni linasema "uponyaji wa kiroho", na nimeona akina mama wawili wameingia na madumu ya maji. Dada zangu, maji yenu ni mazuri lakini mimi sitayaombea. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimevaa gauni jeupe miaka 31, zaidi ya nusu yake wodi ya wanawake, tena zamu za usiku. Sina upako, sina mizizi. Nimekuja kuwaeleza mafundisho ya Kijapani yaitwayo reiki, ambayo nilifundishwa mwaka 1998 na muuguzi mwenzangu Mjerumani aliyekuwa akijitolea kwetu. Ada yake ilikuwa doti mbili za khanga. Zikumbukeni hizo doti mbili, tutazirudia.

Tuanze na neno lenyewe. Wajapani huliandika kwa alama mbili. Rei ni cha kiroho, kitu chenye utukufu kisichoshikika. Ki ni pumzi, ni nguvu, ni hali. Hiyo ki imeenea katika maneno yao ya kila siku. Mtu mwenye afya ana genki. Ugonjwa ni byoki, yaani ki iliyougua. Hata hali ya hewa ni tenki, ki ya mbingu. Wakijuliana hali huulizana kama genki ipo. Sisi huku tunaulizana "hujambo?", yaani huna jambo, hakuna lililokupata? Salamu yetu inatafuta kama kuna kilichomzidi mtu. Yao inatafuta kama kuna kilichompungua. Nimeliwaza hilo zamu nyingi za usiku.

Basi mafundisho yanasema hivi. Kila chenye uhai kinapitiwa na ki. Ikipita bila kizuizi, mtu yu mzima. Hasira, hofu na kinyongo huuziba mkondo huo, kama taka zinavyoziba mfereji wakati wa masika, na mwili huanza kulalamika. Anayeponya hatoi nguvu yake. Yeye ni bomba tu, maji si yake. Anaweka viganja kichwani, mabegani, tumboni, dakika chache kila mahali, na mgonjwa amelala na nguo zake. Hakandi, hachanji chale, hapungi, hafukizi ubani. Ukiwatazama utasema wamesinzia wote wawili. Hapo ndipo ilipo metafizikia yake: dai kwamba nyuma ya mwili huu tunaoupima presha na joto kuna kingine kisichopimika, na hicho ndicho chenye amri.

Aliyeyaanzisha ni Usui Mikao, aliyezaliwa mwaka 1865 katika mkoa wa Gifu. Maisha yake hayakunyooka. Jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa Tokyo mwaka 1927, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, linakiri kwamba alihangaika na mara nyingi mambo yalimwendea kombo. Mwaka 1922 alipanda mlima Kurama, kaskazini ya Kyoto, akafunga siku 21. Jiwe linasema siku ya mwisho alihisi reiki kuu juu ya kichwa chake. Alijijaribu mwenyewe, akawajaribu watu wa nyumbani kwake, na Aprili ya mwaka huohuo alikuwa tayari Tokyo amefungua chama cha kufundisha.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, ardhi ilitetemeka. Ilikuwa saa ya kupika, majiko yamewaka katika nyumba za mbao. Moto uliua wengi kuliko tetemeko. Tokyo na Yokohama walikufa watu zaidi ya 100,000. Jiwe linaeleza kwamba Usui alitoka kila siku kuzunguka mjini akiwahudumia walioumia. Mimi niliyewahi kupokea majeruhi wa ajali ya basi moja tu usiku, dawa zimekwisha na mikono ndiyo iliyobaki, naelewa mtu hufanya nini wakati ule. Huweka mkono. Iwe inaponya, isiponye, huwezi kusimama mbele ya mtu anayelia ukafungasha mikono yako nyuma.

Sasa nije kwenye kanuni, maana kwa Usui hizo ndizo nyumba, na mikono ni veranda. Aliziita njia ya siri ya kuita furaha na dawa ya ajabu ya magonjwa yote. Maelekezo yake ni mafupi: asubuhi na jioni kaa, kutanisha viganja, maneno haya yaweke moyoni na uyatamke kwa mdomo. Kijapani chake ni hiki: *Kyo dake wa. Ikaru na. Shinpai suna. Kansha shite. Gyo wo hageme. Hito ni shinsetsu ni.* Kwa lugha yetu: Leo tu. Usikasirike. Usiwe na wasiwasi. Shukuru. Fanya kazi kwa bidii. Uwe mwema kwa watu.

Naona mzee pale anatabasamu. Najua, babu. Unasema hayo hata bibi yangu aliniambia, tena bure. Kweli kabisa. Ukiyachukua hayo matano peke yake, hakuna jipya. Msikitini utayasikia, kanisani utayasikia, na kwenye daladala yameandikwa kioo cha nyuma. Kilichonishika mimi si hayo matano. Ni maneno mawili yaliyotangulia. Leo tu.

Nipeni nafasi niwape usiku mmoja. Wodi ina vitanda 24 na wagonjwa 40, wengine wawiliwawili. Wauguzi tupo wawili, mwenzangu kaenda kuazima drip wodi ya pili. Saa nane usiku anaingia kijana, ndugu wa mgonjwa, kanywa kidogo, ananiambia mbele ya wodi nzima kwamba sisi tunakula dawa za serikali huku mama yake anakufa. Mama yake hakuwa anakufa, alikuwa amelala usingizi mzuri kuliko siku zote tatu zilizopita. Sasa, mtu akikwambia wakati ule "usikasirike", utamzaba kibao yeye badala ya yule kijana. Usikasirike milele? Nani anaweza? Lakini "leo tu" ni deni dogo. Ni kama marejesho ya mchezo wa kila siku: hulipi laki moja, unalipa elfu moja ya leo, na ya kesho itajijua. Nilijiambia, kesho nitakasirika, nimejipa ruhusa, nitakasirika tangu nikipiga mswaki. Leo tu hapana. Nikamvutia kijana kiti, nikampa maji. Akalala palepale kichwa kwenye godoro la mama yake.

Na kesho yake sikukasirika pia. Nilikuwa nimechoka mno.

Kanuni ya shukrani na ya kazi katika Kijapani zinashikana, kama kusema "huku ukishukuru, jibidiishe". Neno gyo wengine hulifasiri kazi ya riziki, wengine mazoezi ya kiroho. Sitawachosha na hilo. Wema kwa watu hauna haja ya mfasiri.

Mafundisho haya yalifikaje kwetu kupitia mwanamke wa Kijerumani? Njia yake ilikuwa mwanamke mwingine. Hawayo Takata alizaliwa Hawaii mwaka 1900, mtoto wa vibarua wa mashamba ya miwa waliotoka Japani. Hilo jina lake lenyewe limetoka kwenye jina la visiwa. Alifiwa na mume, akabaki na mabinti wawili, akaugua. Mwaka 1935 alikwenda Japani, na badala ya kupasuliwa akaishia kliniki ya Hayashi Chujiro, mwanafunzi wa Usui na ofisa mstaafu wa jeshi la majini. Takata alikuwa akisimulia kwamba mara ya kwanza alipowekewa mikono alihisi joto na mtetemo, akainama kuchungulia chini ya kitanda kama kuna waya, kisha akamkamata mhudumu mkono wa kimono kuona ameficha mashine gani. Nampenda kwa hilo. Mgonjwa anayepekua ni mgonjwa mwenye akili. Alikaa kutibiwa miezi, akapata nafuu, akajifunza, akarudi Hawaii mwaka 1937.

Lakini Takata naye alikuwa na yake. Wamarekani aliwasimulia kwamba Usui alikuwa mwalimu wa Kikristo wa chuo cha Doshisha, Kyoto, na kwamba alikwenda kusoma chuo kikuu cha Chicago, Marekani, ili ajue Yesu aliponyaje. Kumbukumbu za vyuo hivyo hazimtaji. Wengi huona kwamba baada ya Wajapani kuishambulia Marekani kule Pearl Harbor, Hawaii, mwaka 1941, kitu chochote cha Kijapani katika Marekani kilihitaji kuvalishwa nguo nyingine ili kipite mlangoni. Huenda. Uongo wenye sababu tunausamehe haraka, ila tuuite kwa jina lake.

Na kuna suala la fedha. Ngazi ya ualimu Takata aliitoza dola 10,000. Hadi anafariki mwaka 1980 alikuwa amewapa ualimu watu 22. Alisema kinachotolewa bure hakithaminiwi. Mimi nilitoa doti mbili za khanga na nikathamini. Halafu tukumbuke Samunge, Loliondo, mwaka 2011: Mchungaji Ambilikile Mwasapila alitoza shilingi 500 kwa kikombe cha dawa yake, bei ya soda, na magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Kwa hiyo bei haitwambii kama dawa ni ya kweli. Kule Loliondo wapo waliofia kwenye foleni, na wapo waliorudi wakaacha vidonge vyao. Hapo ndipo ninapotaka kufika, ila kwanza nijibu ninyi mnaoninong'onezea kuhusu utafiti.

Mwaka 1998 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la binti mdogo, Emily Rosa, alilolianza akiwa na miaka tisa. Hakupima reiki hasa. Alipima tiba iliyo ndugu wa karibu wa reiki, ile ya kupitisha mikono juu ya mwili. Aliwakalisha wahudumu 21 nyuma ya ubao wenye matundu mawili, wakatoa mikono yote miwili bila kuona, naye akaweka mkono wake juu ya mmoja. Kazi yao ilikuwa kusema upo juu ya upi. Majaribio 280, walipatia 123. Shilingi ukiirusha inapatia zaidi ya hapo. Na mwaka 2015 wachambuzi wa Cochrane, shirika la kimataifa linalopitia tafiti za tiba, walitazama tafiti za reiki kwa wasiwasi na sonona, wakasema ushahidi hautoshi kusema inasaidia au haisaidii. Kwa upande wa dini, maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliandika mwaka 2009 kwamba haifai kutumika katika taasisi zao. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimenyweshwa kombe la zafarani na marashi utotoni, aya zikioshwa kwenye sahani nyeupe. Mambo ya kuponywa kwa kisichoonekana sikuyasikia kwanza kwa Mjapani. Kila mtu amuulize shehe au mchungaji wake.

Nilisema kuna mahali ninapotaka kufika. Kwa miaka zaidi ya 20 nimeweka mikono juu ya watu. Wamelala, wamelia, wameomba maji, wengine maumivu yakapungua kwa saa mbili. Sijaona uvimbe ukiyeyuka. Sijaona sukari ikishuka ikabaki chini.

Jirani yangu alikuwa na presha. Kila Alhamisi alasiri alikuja barazani, namwekea mikono nusu saa, anaamka mwepesi. Mwezi wa nne akaniambia, "Dada, tangu uanze hii sina hata haja ya vidonge." Nilisikia. Nilikuwa naepua chai, nikacheka, nikasema "Haya bwana." Nilifurahi, niwe mkweli. Muuguzi wa miaka mingi, nikafurahi. Wiki ya tatu baada ya hapo mwanawe alinigongea alfajiri. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto umelala.

Kiharusi. Na mnajua Usui mwenyewe alikufa na nini? Machi 1926, akiwa Fukuyama katika safari ya kufundisha, akiwa na miaka 60. Kiharusi. Nililisoma hilo mara nyingi kabla, na halikunifunza kitu mpaka alfajiri ile.

Ndiyo, mama, swali. Nimekusikia, nitalirudia wengine wasikie: unauliza kama yule jirani yu hai, na kama bado anakuja.

Yu hai. Anaburuza mguu kidogo. Kwa mwaka mzima nilishindwa kumtazama usoni, na "leo tu" haikunisaidia, kwa sababu hakuna kanuni inayosema usijilaumu. Kisha Alhamisi moja akajikokota mwenyewe mpaka barazani, akaketi kiti chake kilekile, akasema nimezidi kumsubirisha. Anakuja mpaka leo. Akifika hatusalimiani kwanza. Ananyoosha mkono na paketi ya dawa, mimi navaa miwani, nahesabu vidonge vilivyobaki, nalinganisha na kalenda ya ukutani. Siku moja kilizidi kimoja, nikamrudisha kwao akakimeze, nikamsubiri. Alirudi amenuna. Nikamwambia alale chali, nikaweka mikono.