Nembo ya usoni haisemi wewe raia wa wapi

Haya jamani, wazee shikamooni, kina mama, vijana, tusogee kivulini maana jua la Newala leo kali. Nimeombwa niongelee nani anaruhusiwa kupiga kura, naanza na Katiba yenyewe ibara ya 5, raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Haijataja kabila wala lafudhi, imetaja raia, na hapo ndo shughuli yetu watu wa mpakani inapoanzia.

Maana ukisimama pale Shimo la Mungu ukatazama bondeni unaiona Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji, na kule kuna mashangazi na mabinamu zetu, Wamakonde vilevile. Mpaka waliuchora Wajerumani na Wareno. Wengine walivuka kufuata kazi za mkonge, wengine wakakimbia vita ya ukombozi, Msumbiji ikapata uhuru 1975 kuna waliorudi na kuna waliobaki wakazaa hapahapa.

Sasa nimeona kwa macho yangu, kituo cha kujiandikisha, bibi mmoja ana nembo usoni, zile chale za Kimakonde za zamani, kijana akapiga kelele kwenye foleni "huyu Mmawia, mtoeni!", yaani Mmakonde wa Msumbiji, na bibi wa watu akatoka. Hakubishana. Akakaa chini ya mkorosho, akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi imekunjwa mara nne mpaka imechanika kwenye mikunjo, cheti cha ubatizo, kazaliwa Tanganyika 1948, na mama yake pia kazaliwa huku. Mtu wa namna hiyo uraia aliupata siku ileile ya uhuru, 9 Desemba 1961, huyo kijana hata baba yake hajazaliwa! Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Ukimshuku mtu njia ipo. Daftari la awali la wapiga kura linabandikwa wazi watu wakague, ukiona jina lisilostahili unaweka pingamizi na sababu zako, mwenyewe anaitwa anasikilizwa, asiyeridhika anakwenda mahakamani. Kupigiana kelele foleni hakumo kwenye sheria yoyote.

Na upande wa pili niseme bila kuficha, asiye raia akijiandikisha anatenda kosa la jinai, hata kama kakaa hapa miaka 30 na korosho anazo. Hili linawagusa sana wake zetu waliotoka ng'ambo. Ndoa peke yake haikupi uraia mama, inakupa haki ya kuuomba, uende Uhamiaji ujaze fomu usubiri cheti, na ukishakuwa raia wa hapa wa kule unauacha maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Watu wanaogopa Uhamiaji, naelewa, lakini hofu ndo inafanya mtu azeeke bila karatasi. Wamakonde wenzetu wa Kwale kule Kenya, babu zao walikwenda kwenye mkonge na miwa, wakakaa bila uraia hadi Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai, wakapewa vitambulisho, na Agosti 2017 wakapiga kura.

Haya, yule baba aliyesema mke wake katoka Mueda kule Msumbiji, njoo hapa mbele na hizo karatasi tuziangalie pamoja.