Chupa ya Soda na Sakafu ya Sinema

(Mhadhara uliotolewa Moshi)

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliojibana nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Kila nikisimama kuzungumzia majumba yetu ya sinema, Plaza hapa Moshi, Metropole na Elite kule Arusha, watu hungoja niusifie uso wa jengo. Picha za mitandaoni nazo ni za nje tu. Leo tunaingia ndani, na tukiingia tunatazama chini.

Nilipokuwa mtoto, mtu wa viti vya nyuma akiangusha chupa ya soda, chupa ilianza safari. Inagonga mguu wa kiti, inatulia kidogo, kisha hiyooo, gurugurugu, chini ya miguu ya watu, safu baada ya safu, hadi inagota ukutani chini ya pazia, kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha. Steringi yuko kwenye hatari ya kufa, lakini ukumbi mzima unaisikiliza chupa. Ile chupa ndiyo iliyonifundisha ujenzi kabla ya mwalimu yeyote. Sakafu ya sinema imeinamishwa makusudi, ili wa nyuma aone juu ya kichwa cha wa mbele. Ukiiondoa hiyo, umebakiwa na ghala lenye uso mzuri.

Basi, niliingia katika jumba moja la zamani, kanda hii hii yetu, silitaji. Mpangaji alitaka stoo. Alijaza kifusi, akamwaga zege juu yake mpaka pakawa sawa. Mlango wa pembeni, ule wa karibu na pazia, umezikwa mpaka usawa wa magoti. Nilinunua soda nje, nikainywa, nikailaza chupa sakafuni. Haikwenda popote. Hasira niliyoipata siku ile ninayo hadi leo, na sioni kwa nini niiache.

Najua mtu anasema moyoni: mzee, sinema zimekufa, sakafu ya mteremko ya nini? Tazameni ukumbi huu tuliokaa. Ni tambarare, na nyinyi wa nyuma mnaangalia visogo tangu nianze. Kwaya, mchezo wa kuigiza, mahafali, vyote vinaitaka sakafu ile. Mwingine atasema majumba yale yalikuwa ya Wahindi, yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Waliolijaza jumba Jumapili walikuwa nani? Na mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha tangu 1990 chini ya Shirika la Nyumba. Sasa nani aseme majengo ya zama zile si jambo letu?

Chumba cha mashine ya kuonyeshea filamu nakigusa haraka. Kuta zake ni nene kwa sababu filamu za zamani za nitrati zilishika moto upesi, na zikishawaka hata kuzikosesha hewa hakuzizimi. Ndiyo maana vile vidirisha vya kupitishia mwanga viliwekewa vifuniko vya chuma vya kuangushwa moto ukitokea. Pazia nalo limejaa matundu madogo, spika zimekaa nyuma yake, sauti inapita humo. Mkiona pazia kuukuu lenye matundu, msiseme limeliwa na panya.

Habari ya video, na ya televisheni iliyofika Bara mwaka 1994, naiacha. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Ombi langu ni moja. Aliyewahi kuwa fundi wa mashine, au mkata tiketi, au mwenye baba aliyekuwa mmoja wao, asiondoke kabla hatujaonana. Mkiwa na picha, nileteeni za ndani, zinazoonyesha viti na sakafu.