Hesabu Inaanzia Mlangoni: Kutoka Nuku Hiva Hadi Kauehi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya safari ya yoti kati ya visiwa vya mbali vya Pasifiki. Najua wengi mnangoja ile ndefu, ya kutoka Galápagos hadi Marquesas, maili 3,000 za bahari tupu. Siigusi. Ile kila mtu anaiogopa, na mwenye hofu hujiandaa. Mimi nataka inayofuata: kutoka Nuku Hiva, humo humo Marquesas, hadi Kauehi, katika visiwa vya Tuamotu. Maili 500 hivi, siku nne. Mabaharia wameshapumzika, wameshiba mafurungu na mashelisheli, wanajiona magwiji. Uzembe huingia hapo.

Nuku Hiva ni milima mitupu, inapita mita 1,000, unaiona tangu mbali. Kauehi ni duara la matumbawe lenye minazi juu yake, basi. Ukiwa maili nane ndipo unaona vitu kama nywele zimesimama juu ya maji: hiyo ndiyo minazi. Usiku huoni kitu. Baharia Mfaransa Bougainville alipopita huko mwaka 1768 aliviita visiwa vya hatari, na hakuwa anatia chumvi.

Katikati ya duara kuna wangwa mkubwa wa maji, na Kauehi ina mlango mmoja tu wa kuingilia chombo. Mawimbi ya kusini yanapanda mwamba usiku na mchana na kumimina maji ndani. Yatatokea wapi? Mlangoni. Kwa hiyo kitabu cha maji kujaa na kupwa hakitoshi. Bahari ikichafuka siku tatu mfululizo, mkondo unaweza kutoka karibu kutwa nzima, na ukipambana na mawimbi ya nje maji yanasimama wima. Unataka kupita maji yakiwa yametulia, na jua likiwa juu, nyuma yako, ili mtu wa omo, aliyesimama mbele ya chombo, aone miamba. Rangi ya samawati iliyokoza, pita. Ya kahawia, geuza.

Kwa hiyo hesabu inaanzia mlangoni na kurudi nyuma. Tuseme unataka kuwa mlangoni Jumamosi saa nne asubuhi. Kwa noti tano, yaani maili tano za baharini kwa saa, maili 500 ni saa 100. Unang'oa nanga Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Sasa upepo ukikupenda ukaenda noti sita? Unafika Ijumaa saa kumi na moja jioni, jua linazama, na mlango uko mbele yako unakutamanisha. Mwendo mzuri umekuharibia safari! Punguza tanga tangu siku ya pili, wala usione haya.

Na saa zenyewe. Marquesas wako nusu saa mbele ya Tahiti, kisiwa kikuu cha huko. Nusu saa, si saa nzima. Tuamotu wanafuata Tahiti. Mimi niliwahi kusahau kurudisha saa ya ukutani, nikafika mlangoni nikiapa kwamba kitabu kimekosea. Nahodha wangu alinitazama, akatazama saa, akaenda kupika chai.

Msimu hauna mjadala: Novemba hadi Aprili ni wakati wa vimbunga. Kuanzia Mei mnapata upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi yetu. Ukizidi nguvu wenyeji wanauita maraamu, na ndani ya wangwa mnajificha pembe ya kusini-mashariki.

Chombo chenyewe: kagua waya za mlingoti kwa pamba. Chukua bonge la pamba, lipitishe taratibu kwenye waya kuanzia chini. Likinasa na kuacha unyuzi, uzi mmoja wa chuma umekatika, hata kama jicho halioni. Fungua ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo, onja maji yaliyomo: ya chumvi yanatoka nje ya chombo, matamu ni tangi lako linavuja. Maji ya kunywa yagawe, mengine kwenye tangi, mengine kwenye madumu, maana tangi moja likiharibika ni kiu ya wote. Chukueni na maboya madogo matatu manne ya kufunga kwenye mnyororo wa nanga, uelee juu ya matumbawe badala ya kujizungusha humo.

Matunda nunueni Marquesas, Tuamotu udongo ni haba. Ndimu zinavumilia. Mkungu wa ndizi uning'inizeni shetri, huko nyuma ya chombo, lakini jueni zitaiva zote siku moja, na siku hiyo mtakula ndizi asubuhi, mchana na usiku.

Kijana pale ameuliza: ukichelewa, ukafika jua linatua, maji yanatoka kwa kasi? Hatuingii. Unarudi nje, maili kumi au zaidi, upande ambao upepo na mkondo havikusukumi mwambani. Tanga la mbele unalivuta upande wa upepo, tanga kuu unalipunguza, usukani unaufunga kinyume, na chombo kinatulia, kinasogea polepole kama mtu anayesinzia. Mnapeana zamu za saa mbili mbili. Aliye zamu anaandika mahali mlipo kila nusu saa, na akisikia mvumo wa mawimbi yanayovunjika anamwamsha nahodha kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.