Proxima Centauri: siku 85 za kujizungusha, miaka 7 ya sumaku

Mabibi na mabwana, karibuni. Tuanze na maneno, kwa sababu neno "mzunguko" litatuponza tusipolichunga. Nyota inapojipinda kwenye mhimili wake kama pia ya mtoto, nitasema inajizungusha. Sumaku yake inapopanda kwa miaka, madoa meusi usoni mwake yakaongezeka, kisha ikashuka tena, hiyo nitaiita duru. Jua letu hujizungusha kwa siku kama 25 kwenye ikweta yake, na duru yake ni miaka 11 hivi. Leo tunataka kujua vitu hivyo viwili vinapimwaje kwenye nyota ndogo nyekundu, na wapimaji huteleza wapi.

Nyota niliyoichagua ni Proxima Centauri. Iko umbali wa miaka nuru 4.24, na baada ya Jua hakuna nyota iliyo karibu nasi kuliko hiyo. Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg. Masi yake ni kama 0.12 ya masi ya Jua, nusukipenyo chake 0.15 ya kile cha Jua, na joto la uso wake ni karibu kelvini 3,000. Kwa macho matupu haionekani. Lakini mwisho wa Mei, saa nne usiku, mtu aliye Dar es Salaam akitazama kusini ataiona Alpha Centauri ikiwa digrii kama 36 juu ya upeo. Proxima iko digrii 2 tu kando yake.

Sasa, mtu aliyesoma fizikia atasema: si tupime upana wa mistari ya spektra, yaani mistari inayoonekana mwanga wa nyota ukitawanywa rangi kwa rangi? Nyota ikijizungusha, ukingo mmoja unatujia na mwingine unatukimbia, kwa hiyo mistari inapanuka. Hoja ni sahihi, ila tupige hesabu. Mzingo wa Proxima ni kama kilomita 656,000. Ukiugawa kwa siku 85 za kujizungusha, yaani sekunde milioni 7.3, unapata mita 90 kwa sekunde. Chombo cha HARPS, kinachotawanya mwanga wa nyota huko La Silla, Chile, kina uwezo wa kutenganisha wa 115,000, sawa na kilomita 2.6 kwa sekunde. Upanuzi tunaoutafuta ni mdogo mara karibu 30 kuliko upana wa chombo chenyewe. Mlango huo umefungwa.

Yanabaki madoa. Upande wenye madoa mengi ukitugeukia, nyota inafifia kwa asilimia chache. Ukiondoka, mwanga unarudi. Kwa hiyo tunapima mwangaza usiku kwa usiku tukiulinganisha na nyota za jirani kwenye picha ileile, na hapo ndipo kosa la kwanza linapojificha. Nyota za kulinganishia karibu zote ni za njano au nyeupe, na yetu ni nyekundu mno. Mvuke wa maji hewani hula mwanga wa infraredi, ambao nyota nyekundu inao kwa wingi. Hewa ikiwa na unyevu zaidi, nyota yetu itaonekana imefifia kuliko wenzake, na mwenye haraka ataandika "doa" palipo na unyevu wa msimu tu. Dawa yake ni kutumia kichujio kinachokwepa maeneo ya mvuke, au kutafuta nyota nyekundu za kulinganishia, hata kama ni hafifu.

Kisha ondoa milipuko. Proxima hulipuka mara nyingi, kwa dakika au saa kadhaa, na kipimo kimoja kilichoangukia mlipuko huvuta mchoro mzima. Baada ya hapo tafuta kipindi, yaani siku za kujizungusha mara moja, kwa njia ya hesabu ya Lomb na Scargle, ambayo haijali data yenye mapengo. Haijali, lakini mapengo yenyewe hayakusamehe. Kila mwaka kuna miezi nyota inapokuwa nyuma ya Jua, na pengo hilo huzaa vivuli. Kama kipindi halisi ni siku 85, gawanya 1 kwa 85, kisha jumlisha au toa 1 kwa 365: utaona vilele vya uongo kwenye siku 69 na siku 111. Kilele kirefu si lazima kiwe cha kweli. Madoa nayo yakikaa pande mbili zinazoelekeana, utapata nusu ya kipindi, na nyota itaonekana ina kasi maradufu. Vipimo vya miaka mbalimbali vimeiweka Proxima kati ya siku 83 na 90. Satelaiti ya TESS, inayopima mwangaza wa nyota kutoka angani, kwa uzuri wake wote, hukaa kwenye eneo moja siku 27 tu. Hiyo haifiki hata theluthi ya muda wa Proxima kujizungusha mara moja.

Duru inadai subira zaidi. Mwanaastronomia Olin Wilson alianza kupima mistari ya kalsiamu ya nyota, ambayo hung'aa zaidi sumaku inapopanda, kwenye kituo cha Mount Wilson, Marekani, mwaka 1966, na mradi ule ukaendelea hadi 2003. Kwa Proxima kalsiamu ni shida, kwani mistari yake iko kwenye nanomita 393 na 397, ambako nyota nyekundu karibu haina mwanga. Wengi hukimbilia mstari wa haidrojeni wa nanomita 656. Halafu vyombo hubadilika. Nyuzi zinazopeleka mwanga ndani ya HARPS zilibadilishwa mwaka 2015, na data za kabla na za baada yake lazima zihesabiwe kama za vyombo viwili, la sivyo utajitengenezea duru yako mwenyewe.

Hata hivyo duru ipo: miaka 7, pengine 8. Imeonekana kwenye mwanga wa kawaida na kwenye eksrei, na vinakwenda kinyume. Eksrei ikipanda, mwanga unafifia. Jua hufanya vingine: kwenye kilele cha duru linang'aa zaidi kwa asilimia 0.1, kwa sababu maeneo angavu yanayozunguka madoa yanayashinda madoa. Kwa Proxima madoa ndiyo yanayotawala.

Wananadharia walikuwa na sababu ya kushangaa. Ndani ya Jua, hadi asilimia 70 ya nusukipenyo, gesi imetulia. Juu yake inachemka. Mpakani pana tabaka la msuguano, takoklaini, ambako wengi waliweka kiwanda cha sumaku. Nyota yenye masi chini ya 0.35 ya Jua inachemka hadi kitovuni, takoklaini haina. Lakini wanaastronomia Wright na Drake walionyesha mwaka 2016 kwamba nyota kama hizo zinazojizungusha polepole, Proxima ikiwemo, hupunguza eksrei, ambazo ni dalili ya sumaku, kadiri kasi inavyopungua, kwa kanuni ileile ya nyota zinazofanana na Jua. Kwa maoni yangu, takoklaini tuliipa cheo kikubwa mno.

Kuna tofauti moja. Eksrei za Jua hubadilika zaidi ya mara 10 katika duru. Za Proxima ni kama mara moja na nusu tu. Mlipuko mmoja unaizidi duru nzima. Kwa hiyo anayetaka kuichora asichukue wastani wa vipimo vyote: achukue kiwango cha nyota ikiwa imetulia, mara kadhaa kila mwaka, na milipuko aihifadhi kwenye faili lake.