Difu Husingiziwa Sana

Ahsanteni, ndugu zangu. Niliombwa nizungumzie gari linalolia nyuma, na nimeichagua Hilux kuukuu, maana wengi mliokaa hapa mnaiendesha au mnaitengeneza. Neno langu ni moja: msifungue difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kabla mlio haujawaambia unatoka wapi.

Mteja akifika gereji na kusema "nyuma kunalia", fundi mwenye haraka anashika spana. Mwambie aiweke chini, mwingie garini. Tafuteni lami iliyonyooka isiyo na magari mengi, zimeni redio, pandeni hadi kilomita 60 au 70 kwa saa. Kanyaga mafuta gari livute, sikiliza. Achia mguu, sikiliza. Kisha shikilia mwendo uleule, usizidi wala usipungue. (Mteremko mrefu unasaidia kusikia mlio wa kuachia mafuta, lakini tafadhali, msiende kupimia kwenye mlima wa Kitonga kule Iringa, nyuma ya malori.)

Mlio mwembamba wa "wiuu" unaokuja gari likivuta na kukatika ukiachia, hapo krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) hazishikani sawasawa, au meno yameliwa upande unaovuta gari. Ukizidi pale unapoachia mafuta, nashuku beringi za pinioni zimelegea. Gari linapoburuta injini, pinioni huvutwa ndani kuelekea krauni, na kama beringi hazijaikaza, itasogea tu. Ukisikika kwenye kona peke yake na barabara iliyonyooka ikawa kimya, angalia zile gia ndogo za katikati, kwa sababu zinafanya kazi hasa pale magurudumu mawili yanapopishana mwendo.

Sasa hapa ndipo difu inaposingiziwa. Kuna beringi za magurudumu na kuna tairi. Chukua difu yenye krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10. Kwa kilomita 60, gurudumu la pikapu huzunguka kama mara 7 kwa sekunde, na pinioni inakaribia 30. Ndiyo maana beringi ya pinioni ina sauti nyembamba, ya gurudumu inanguruma nzito. Ya gurudumu pia hubadilika ukiyumbisha usukani taratibu kushoto na kulia, kwa kuwa uzito unahama. Tairi zenye meno makubwa ya matope zinavuma, na mvumo wake hubadilika ukitoka lami mpya kwenda lami iliyochakaa. Difu haijui lami ya aina gani iko chini yake.

Mzee pale mbele ananiuliza kuhusu ule mlio wa kugonga, "tok", unapoingiza gia au kuachia klachi. Shikamoo mzee. Ule anza na krosi, yaani viungo vya propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye difu. Ingia chini, shika propela kwa mikono miwili, iyumbishe. Kama propela ni ya vipande viwili, angalia na senta beringi, ile inayoishikilia katikati. Krosi ni bei ndogo sana ukilinganisha na difu, na nimeona difu nzima ikishushwa kwa sababu yake.

Ukirudi gereji, zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi, inua nyuma yote, weka stendi pande zote mbili. Usiinue gurudumu moja ukawasha injini na kuingiza gia. Difu ikiwa ya kujifunga, yaani inayozungusha magurudumu yote mawili pamoja, gari litashuka kwenye jeki na kuondoka. Shika flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, isukume juu na chini, ndani na nje. Kuzunguka kidogo kabla ya kushika ni kawaida. Kucheza juu na chini si kawaida hata kidogo: beringi imekwisha.

Halafu oili. Fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ya kumwagia, usije ukamwaga yote ukakuta ya juu haifunguki. Ingiza kidole: oili iwe usawa wa tundu. Matope laini ya kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyovisikia kati ya vidole ni meno au beringi. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Difu ya moto ikitumbukia mtoni inapoa ghafla na kuvuta hewa, na kama kipumulio, yaani tundu lake la hewa, kimezibwa na tope, itavuta maji kupitia sili, mipira inayozuia oili isivuje. Na mkinunua gari la mkononi lenye difu kimya mno, chunguzeni oili kama ina vumbi la mbao lililowekwa kuficha mlio. Huo ni ujanja wa siku nyingi na haujafa.

Ikibidi kufungua, krauni na pinioni hubadilishwa pamoja, maana zilisuguliwa pamoja kiwandani. Kwa difu ya Hilux ya inchi 8 (kipenyo cha krauni), mchezo kati ya meno uwe milimita 0.13 hadi 0.18, upimwe kwa saa ya kupimia mchezo, si kwa kidole. Ukinunua ekseli nzima ya mtumba, shikilia gurudumu moja, zungusha jingine mara mbili, hesabu mizunguko ya flenji ya pinioni: mara 4 na kidogo tu ndiyo ile ya 41 kwa 10. Kwenye gari la magurudumu manne yanayovuta, hesabu hiyo lazima ilingane na difu ya mbele. Isipolingana, usifunge.